Mama Neema Yule

Benki haikulitaka daftari. Winfrida alikuwa amelibeba kifuani kutoka Mafiga, limefungwa kwa kipande cha khanga, na alipolifungua juu ya meza ya afisa mikopo harufu ya dawa ya wadudu ilitoka kwanza, kisha zikaonekana kurasa zilizojikunja pembe. Afisa aliitwa Yasmin. Alikuwa binti mpole, amevaa hijabu ya rangi ya maziwa, naye aliufunua ukurasa wa kwanza kwa ncha ya kidole kama anayehofia kuchafuka.

"Mama, shikamoo tena. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Hao ndio wadaiwa wangu. Wamo wote. Milioni kumi na tisa na ushee."

Yasmin alisoma. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena.

"Huyu 'Mama Neema yule' ni nani?"

"Ni wa Nyandira."

"Na huyu 'Mama Neema yule mwingine'?"

"Huyo wa Langali. Mrefu kidogo, mweusi."

Yasmin hakucheka, ila wenzake wa meza ya pili walicheka, na mmoja wao akajifanya anakohoa. Winfrida aliinamisha uso akaanza kulikunja daftari lake taratibu, maana mtu mzima akichekwa ofisini hana pa kuweka mikono. Kwenye daftari lile kila mdaiwa alikuwa ameweka dole gumba pembeni ya deni lake. Mbegu za kabichi, mbolea, dawa, bomba la kupulizia, vyote vilitoka dukani kwake kwa mkopo na kulipwa baada ya mavuno, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu wa mlimani aliyewahi kumkana. Mwaka huu mvua ya vuli ilikuwa imesomba matuta, na karoti zilizobaki zilikosa bei. Wakulima hawakulipa, kwa hiyo na duka halikulipa benki.

"Mama," Yasmin alisema kwa sauti ya chini, "mkopo wenu umelala miezi minne. Makao makuu wanaweza kuupanga upya, lakini wanataka hesabu zinazosomeka. Za mfumo, za kompyuta. Mpaka mwisho wa Machi. Bila hivyo itabidi tuiangalie dhamana."

Dhamana ndiyo jina la nyumba ya mtu inapofika benki. Ni nyumba ya vyumba vinne, ina kisima na mchungwa mmoja, Winfrida na mumewe waliijenga tofali kwa tofali, na mjini pale hawakuwa na pengine pa kulala.

* * *

Fidelis, mumewe, ndiye aliyempata mshauri. Fidelis alikuwa mtu wa kundi la WhatsApp. Kama kuna jambo duniani lisilojadiliwa kwenye kundi la Wajasiriamali wa Moro, basi jambo hilo halikuwa na haja ya kuwepo. Huko ndiko alikoambiwa habari za Bwana Hashimu, mshauri wa kujitegemea wa mifumo ya hesabu, ambaye hakuajiriwa na mtu na kwa hiyo, alisema Fidelis, hana sababu ya kumdanganya mtu.

"Anataka kiasi gani?" Winfrida aliuliza.

"Milioni moja na laki sita. Nusu kabla, nusu akikabidhi."

"Fidelis, hiyo ni mifuko ya mbolea ya msimu mzima."

"Na nyumba ni mifuko mingapi?"

Nusu ya kwanza ilitoka kwenye hela ya kununulia mzigo, na rafu ya mbolea ikabaki na mifuko saba.

Hashimu alikuja Jumatatu na kompyuta yake begani. Kijana wa miaka thelathini na ushee, nadhifu, mwenye adabu. Aliamkia, akakataa soda, akaomba chai kavu. Ukweli usemwe, hakuwa tapeli. Alijua kazi yake, na alikuwa na wateja wengine sita waliokuwa wakimpigia simu kila baada ya dakika kumi. Tatizo lake ni kwamba alimweleza Fidelis kila kitu, Fidelis akaitikia kwa kichwa, na daftari lilikuwa la Winfrida.

"Mzee, hapa ndipo wateja wanapoingia. Hapa bidhaa. Hapa malipo. Ukibonyeza hapa unapata ripoti ya benki."

"Safi kabisa," alisema Fidelis, ambaye tangu duka lifunguliwe hakujua bei ya dawa ya ukungu.

Siku ya tatu Hashimu akafika kwa akina Mama Neema.

Mtu asiyewajua watu wa mlimani atashangaa kwamba mwanamke aliendesha duka miaka kumi na mmoja bila kujua majina ya wateja wake. Lakini huko juu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kanisani kwenye kitabu cha paroko. Kumwita Editha au Maria mbele za watu, na watoto wake wanasikia, ni kumvunjia heshima, na kumuuliza unaitwaje hasa ni kama kumuuliza ana miaka mingapi. Winfrida alizaliwa Mgeta, alilelewa hivyo. Aliandika Mama Neema. Ubaya ni kwamba kuna kipindi huko milimani kila binti aliyezaliwa alibatizwa Neema, utadhani majina mengine yalikatazwa, na sasa dukani walikuwa akina Mama Neema watano. Ndipo likaja neno lake la kuwatenganisha. Mama Neema yule. Mama Neema yule mwingine. Mama Neema yule wa kwaya. Yule wa juu. Yule wa bonde. Akiliona neno, sura inamjia mara moja, na hajawahi kukosea hata siku moja.

"Mama," aliuliza Hashimu bila kuinua macho, "huyu 'yule' ndiyo jina la ukoo?"

"Hapana, mwanangu. Ni yule."

"Yule nani?"

"Yule... yule wa Nyandira. Mumewe alifariki mwaka juzi."

"Mfumo haupokei 'yule', mama. Unataka jina moja na namba moja ya simu. Majina mawili yakifanana unaona ni kosa."

"Lakini hao siyo mmoja..."

Kwenye kaunta alisimama mteja aliyetaka dawa ya viwavi, nusu lita, na alikuwa na gari linamsubiri. Winfrida akaenda kumpimia. Kulikuwa na chenji ya kutafuta, halafu mwingine akataka mbegu za njegere. Aliporudi Hashimu alikuwa amemaliza herufi ya M na anakunywa chai.

"Nimesafisha," alisema kwa furaha ya kweli. "Ulikuwa na wateja mia mbili na kumi na wawili. Sasa ni mia moja na hamsini."

"Wengine wamekwenda wapi?"

"Hawajaenda popote, walikuwa wanajirudia. Jumla ya deni ni ileile, angalia. Haikupungua hata shilingi."

Alimgeuzia kioo. Kweli, jumla ilikuwa ileile, milioni kumi na tisa na ushee, kwa tarakimu zilizopangwa vizuri kuliko alivyowahi kuzipanga yeye. Winfrida alitaka kuuliza tena, lakini Fidelis alimtangulia akasema kwa kicheko, "Mke wangu bado ana mambo ya daftari," na Hashimu naye akatabasamu kidogo, kwa heshima. Winfrida akarudi kwenye kaunta. Aliogopa kuonekana mshamba kwenye duka lake mwenyewe.

Ijumaa Hashimu alikabidhi kazi na kulipwa nusu ya pili. Kabla ya kuondoka alitoa ushauri wa mwisho, tena wa bure. Msiandike pande mbili, alisema, mkiendelea na daftari mtachanganya mahesabu. Chagueni moja.

Fidelis akachagua. Jumamosi, Winfrida akiwa kwenye jumuiya ya kanisa, aliyapima madaftari yote matatu, lile na mawili yaliyojaa zamani, kwenye mizani ya duka, akayauza kwa muuza karanga wa kona kwa bei ya karatasi chakavu. Alipata elfu mbili na mia tano. Jioni alileta mkate, akamweleza mkewe hela ilikotoka.

* * *

Mfumo ulikuwa unajua kutuma meseji wenyewe. Hashimu aliuwekea maneno: Ndugu mteja, unadaiwa kiasi fulani, lipa ndani ya siku ishirini na moja kuepuka usumbufu. Fidelis alibonyeza mara moja tu, meseji mia moja na hamsini zikapanda mlimani kwa pamoja. Siku ile alitembea dukani mikono nyuma kama meneja.

Malipo machache yaliingia kwa simu. Kisha, baada ya wiki moja, akashuka Mama Neema wa Langali, yule mwingine, mrefu mweusi. Alitaka mbolea mifuko miwili kwa mkopo.

"Mwenzangu," alisema Winfrida, "lile deni la laki tisa na kumi tunalifanyaje kwanza?"

"Deni gani?"

Winfrida alidhani anataniwa. "La vuli. Mbegu na ile mbolea."

"Mimi sikupata meseji. Mama Neema wa Nyandira kapata, mwalimu wa shule kapata, Baba Abuu kapata. Mimi simu yangu ipo, chaji ipo, haikuingia kitu. Si mmetangaza sasa hivi inayojua ni kompyuta?"

"Kompyuta imekosea tu, dada. Mimi na wewe tunajuana."

"Tunajuana," alikubali yule mama, na hakuwa na uso wa kicheko. "Basi nionyeshe dole gumba langu."

Winfrida alikwenda nyuma ya kaunta akaiwasha kompyuta, akaandika Mama Neema kwa kidole kimoja. Likatoka jina moja. Mama Neema, Nyandira. Deni: 3,460,000. Hapo ndipo alipoelewa neno kusafisha. Wanawake watano walikuwa wamekusanywa chini ya simu ya mmoja, na aliyechaguliwa kuwabeba wenzake alikuwa mjane aliyedaiwa laki mbili na themanini na tano.

Alitoka mbio hadi kona ya muuza karanga. Madaftari mawili yalikwisha. La tatu lilikuwa limebaki vipande tu, vimefungwa karanga kwenye sinia, vifungu ishirini na vitatu, mia mbili mbili. Akavinunua vyote. Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye duka lake, akawa anafungua kifungu kimoja kimoja na kumwaga karanga kwenye khanga, wapita njia wanamtazama. Alipata kipande cha Baba Fulani. Alipata madole gumba manne yasiyo na majina. Kwenye kipande kimoja chenye mafuta alisoma neno "yule" peke yake, bila jina mbele yake, akalia palepale bila kujificha.

Aliporudi, Mama Neema wa Langali alikuwa ameshaondoka. Mfuko wa mbolea alikuwa amenunua duka la jirani, kwa fedha taslimu.

* * *

"Inawezekana kutenganisha, mama, siyo kazi kubwa," alisema Hashimu kwenye simu. Alikuwa Kahama kwa mteja mwingine, na nyuma yake ilisikika jenereta. "Nitaingia kwa mbali. Ila huduma baada ya kukabidhi ina gharama yake, tuseme laki mbili na nusu. Na nitahitaji nyaraka za mwanzo. Nipigie picha zile kurasa za daftari unitumie."

"Kurasa hazipo, mwanangu."

"Hazipo?"

"Ulisema tuchague moja."

"Mama, sikusema mtupe," alisema Hashimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Nyaraka hazitupwi, mama. Sheria yenyewe inataka mzitunze."

Winfrida alimpigia Mama Neema wa Nyandira siku ileile. Simu haikupatikana. Alipiga kesho yake asubuhi na jioni, na keshokutwa. Barabara ya juu ilikuwa imekatwa na maporomoko, pikipiki tu ndizo zilizopita, na nauli ilikuwa imepanda mara tatu. Siku ya nne hakupiga. Alijiambia meseji ile haina maana, mtu mwenye akili ataiona ni kichekesho, atacheka na majirani zake. Alikuwa na mengine ya kumkosesha usingizi.

Benki, ripoti ilipendeza. Yasmin aliipokea kwa mikono miwili, kurasa kumi na nne zenye nembo ya duka, akazigeuza moja baada ya nyingine bila kuogopa kuchafuka.

"Sasa hapa tunaongea, mama. Hongereni sana."

Fidelis alikaa vizuri kwenye kiti.

"Makao makuu wamekubali kuupanga upya," Yasmin aliendelea, "kwa sharti moja. Mlipe malimbikizo. Milioni tatu, laki moja na themanini. Ijumaa hii kabla ya saa tisa, maana baada ya hapo faili linaondoka mikononi mwangu, linakwenda kwa mwanasheria. Lakini naona hapa mna mteja mmoja mkubwa sana." Aliweka kalamu kwenye mstari. "Huyu Mama Neema ni kampuni?"

"Ni mteja wa siku nyingi," alisema Fidelis upesi.

"Anadaiwa zaidi ya malimbikizo yote. Si mumbane huyu huyu? Akilipa yeye tu, nyumba imepona."

Winfrida alitazama ile kalamu. Alikuwa na nafasi ya kusema pale, mbele ya binti yule mpole, kwamba mteja huyo hayupo, kwamba ni wanawake watano na wanne kati yao hawatalipa kamwe. Lakini kusema hivyo kungekuwa kusema ripoti nzima ni uongo. Akainuka, akaaga.

Siku tatu walihangaika. Fidelis alikwenda kwa kaka yake Kihonda akarudi na laki moja na nasaha. Kikoba cha Winfrida kilimkopesha laki mbili, mweka hazina akizihesabu mbele ya wanachama wote na kumwambia, "Na wewe siku hizi una kompyuta, mwenzetu." Waliuza jokofu. Alhamisi jioni walikuwa na laki saba na arobaini, na Winfrida alianza kufunga vyombo vya kabatini kwenye magazeti.

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi Mama Neema wa Nyandira aliingia dukani.

Alikuwa na matope hadi magotini, maana alishuka kwa miguu hadi pale pikipiki zilipoishia. Alivua ndala mlangoni. Akasalimia, akaulizia watoto, akaulizia mvua ya mjini, akapewa pole ya safari, akaitikia. Kisha akageukia ukutani, akafungua kibwebwe chini ya khanga, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo matatu na kukiweka kwenye kaunta.

"Nimekuja na lile deni," alisema. "Meseji ilisema siku ishirini na moja. Leo ni ya kumi na tisa. Naomba zihesabiwe, maana mimi na mjomba tulihesabu usiku na taa ilikuwa mbaya."

Fidelis alikuwa ameshafungua fundo la kwanza.

"Dada," alisema Winfrida, "kaa kwanza. Kaa unywe maji."

Alimshika mumewe mkono akamvuta stoo, nyuma ya mifuko ya chokaa.

"Fidelis, siyo zake. Unajua siyo zake."

"Najua."

"Anadaiwa laki mbili na themanini na tano."

"Ziko mezani, Winfrida. Hatujamwibia, hatujamshikia panga, kaleta mwenyewe." Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alikuwa anakaribia kulia. "Saa tisa leo. Baada ya saa tisa unalala wapi? Mimi nalala wapi? Tutamrudishia."

"Lini?"

"Mambo yakikaa sawa. Tutamrudishia kidogo kidogo, hata asijue. Tutampa mbegu bure."

Ni maneno ambayo watu huyasema na huyaamini wakati wa kuyasema. Winfrida aliyasikiliza akiwa ameegemea mfuko wa chokaa, akaona nyumba, akaona kisima, akaona vyombo vyake vimefungwa magazeti. Akatoka stoo akiwa hajaamua. Hivyo ndivyo alivyojiambia, kwamba bado hajaamua, atamsikiliza kwanza.

Mama Neema alikuwa hajayagusa maji.

"Umezitoa wapi zote hizi, dada?"

"Shamba. Lile la mtoni." Alisema kama anayesema bei ya chumvi. "Kuuza siwezi, ni la ukoo, la mama yetu. Mjomba ndiye mwenye neno la ukoo, alikataa siku mbili. Mwisho akanitafutia tajiri wa mjini, kalikodi miaka tisa. Mjomba akasema jina la ukoo lisitembee kwenye kompyuta na deni, watoto watasoma wapi, watakopa wapi."

"Miaka tisa utalima nini?"

"Nitalima vibarua."

Fidelis alikuwa anahesabu. Noti za elfu kumi kumi zililala kaunta katika mafungu ya laki moja, na hakuinua macho hata mara moja. Winfrida aliyatazama yale mafungu yakiongezeka. Kumi. Kumi na tano. Sema sasa, alijiambia. Ishirini na mbili.

"Meseji ilipoingia," aliendelea Mama Neema, "nilimpa binti anisomee. Alisoma mara tatu. Nikajiuliza, mimi nimechukua mbegu tu na dawa chupa nne. Milioni tatu imetoka wapi? Nililala nikiwaza, ndipo nikajua. Ni ya marehemu." Aliikunja pembe ya khanga yake, akaikunjua. "Stefano alikuwa anashuka huku mara kwa mara. Akasema anakwenda kuangalia bei za karoti. Mimi nilimwamini. Kumbe alikuwa anachukua mbolea."

Winfrida alimsogezea glasi ya maji.

"Ila shambani kwetu mbolea hiyo sijaiona, dada. Mifuko yote hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nalima, ningeiona." Sasa alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu. "Wewe ulikuwa unamuuzia. Niambie tu, mimi sitagombana na mtu, mtu mwenyewe amekwisha kufa. Alikuwa anaipeleka wapi?"

Stefano. Winfrida alimkumbuka vizuri. Mwanaume mfupi aliyekuwa akija dukani na kuuliza bei tu, anagusa gusa pakiti za mbegu, kisha anasema ngoja nikamuulize mama yake Neema. Hakuwahi kuchukua kitu bila kumuuliza mkewe. Hakukopa hata shilingi, na madole gumba yote ya ile laki mbili na themanini na tano yalikuwa ya mwanamke huyu aliyekaa mbele yake.

"Thelathini na nne," alisema Fidelis polepole, "na sitini. Zimetimia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro.

"Sikumuuliza anapeleka wapi," alisema Winfrida. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka ya kawaida. "Alikuwa anachukua kidogo kidogo."

"Kwa muda mrefu?"

"Muda kidogo."

"Alikuwa anakuja peke yake?"

"Ndiyo" ndilo lililokuwa jibu. Lilikuwa jibu la kweli, pengine neno pekee la kweli lililobaki asubuhi ile, na lingetosha. Lakini Winfrida alikuwa anaogopa kubanwa. Mwanamke akiendelea kuuliza tarehe na mifuko na bei uongo wote ungefumuka pale pale, mbele ya fedha, na alitaka jibu legelege la kumaliza mazungumzo.

"Saa nyingine peke yake," alisema.

Mama Neema alitikisa kichwa mara moja. Nje, gari la matangazo lilipita likitangaza mkutano wa injili, wakaliacha lipite wote watatu. Kisha alisimama, akafunga kibwebwe chake kitupu, akaenda mlangoni kutafuta ndala zake. Alizivaa. Akarudi hatua mbili, akaushika mkono wa Winfrida kwa mikono yake yote miwili, mikono migumu yenye nyufa za udongo.

"Nashukuru, dada," alisema. "Miaka yote hii ulijua alikuwa na mwanamke huku, na hukunitangaza. Mwingine angenicheka soko zima."

"Hamna neno," alisema Winfrida.